Maji yakiruka ukuta wa kinu cha nyuklia, mkulima naye hulipa

JIONI ya Desemba 27, 1999, dhoruba iliyopewa jina la Martin iliingia magharibi mwa Ufaransa ikitokea Bahari ya Atlantiki. Ilikuwa dhoruba ya pili kubwa ndani ya siku mbili. Katika mlango wa mto Gironde, kaskazini mwa jiji la Bordeaux, bahari ilikuwa inajaa, na upepo ukayasukuma maji hayo kuelekea bara. Mawimbi yakapanda juu ya matuta ya kinga na kumwagika ndani ya kituo cha umeme wa nyuklia cha Blayais.

Kituo hicho kina vinu vinne, kila kimoja cha megawati 900 hivi. Kiko katikati ya nchi ya zabibu za mvinyo, zao ambalo bei yake hutegemea jina la mahali lilikolimwa kuliko uzito wake kwenye mizani. Usiku huo vinu vitatu vilikuwa vinazalisha umeme na kimoja kilikuwa kimezimwa.

 Maji yalitafuta njia, kama yanavyofanya kwenye ghala lolote lililojengwa bondeni: yakapita chini ya milango, yakafuata mifereji ya nyaya na mabomba, yakashuka hadi vyumba vya chini ya ardhi. Sehemu ya pampu zinazopeleka maji ya kupoza kinu namba 1 zikazimika. Vyumba vya pampu za dharura za vinu namba 1 na 2 vikajaa maji. Umeme wa gridi ulikatika kwa baadhi ya vinu, na barabara ya kuingia kituoni ikafungwa na dhoruba, hivyo wafanyakazi wa zamu wakabaki peke yao kwa saa kadhaa.

Jenereta za dizeli ziliwaka, pampu zilizobaki zikatosha, na hakuna mionzi iliyotoka. Tukio hilo liliwekwa daraja la 2 katika kipimo cha kimataifa chenye madaraja 7. Nje ya Ufaransa ni wachache waliolisikia.

Lakini jambo moja katika taarifa za tukio hilo linastahili kusomwa na kila mtu anayeweka mtaji wake mahali penye maji. Tuta la upande wa mto lilikuwa na kimo cha mita 5.2 na yale ya pembeni mita 4.75. Mwaka mmoja kabla, 1998, tathmini ya usalama wa kituo ilikuwa imekwisha kusema kwamba kimo kinachotakiwa ni mita 5.7. Kazi ya kuyainua ilikuwa imeahirishwa.

Kwa nini maji ni adui na rafiki

Kinu cha nyuklia hakizimiki kama jiko la gesi. Urani ikishagawanyika huacha mabaki ambayo huendelea kutoa joto hata baada ya kinu kuzimwa. Dakika ile ya kuzimwa, joto hilo ni kama asilimia 6 hadi 7 ya joto la kazi ya kawaida; baada ya siku moja huwa limeshuka chini ya asilimia 1. Asilimia 1 inaonekana ndogo, lakini kwa kinu kikubwa chenye joto la megawati 3,000 ni megawati 30, na ni lazima ziondolewe usiku na mchana kwa maji yanayozunguka.

Maji hayo huzungushwa na pampu, na pampu hula umeme. Kituo kikizimwa hakijizalishii tena, kwa hiyo hutegemea gridi. Gridi ikianguka, hutegemea jenereta za dizeli. Dhoruba moja inaweza kuangusha nguzo za gridi na kufurika chumba cha jenereta usiku uleule, na hapo ndipo hatari ilipo. Kuta nene za saruji zinazoonekana kwenye picha si tatizo: zinaweza kuhimili upepo wa aina yoyote huku pampu ndogo iliyo chini ya ngazi ikizama.

Marekani iliona nusu ya hatari hiyo Agosti 24, 1992, kimbunga Andrew kilipopita juu ya kituo cha Turkey Point, kusini mwa Florida. Vinu vilikuwa vimezimwa saa chache kabla, kwa kuwa njia ya kimbunga ilijulikana. Umeme wa nje ulikatika kwa zaidi ya siku tano, simu na redio zikanyamaza, tangi la maji likaangushwa. Jenereta zilikuwa mahali pakavu, zikaendelea kunguruma.

Hesabu ya mita moja

Mkulima wa umwagiliaji mwenye pampu ya dizeli anajua kuwa kila mita ya kupandisha maji inalipiwa. Shamba lililo mita mbili juu ya mto lina gharama tofauti na lililo mita kumi. Ndiyo sababu kila mtu hutaka kulima karibu na maji, na ndiyo sababu mafuriko huwakuta watu wengi.

Waliojenga vituo vya nyuklia walipiga hesabu hiyohiyo. Kinu cha megawati 1,000 kinachopozwa kwa maji ya bahari hunyonya takriban tani 50 za maji kila sekunde. Kuyapandisha mita 10 zaidi kunahitaji, pamoja na upotevu wa pampu, karibu megawati 6, yaani asilimia 0.6 ya umeme wote wa kinu. Kwa mwaka mmoja si kitu. Kwa miaka 40 ni fedha ambazo mhasibu yeyote atazipigia mstari mwekundu.

Katika pwani ya Fukushima, Japani, mahali palipochaguliwa katika miaka ya 1960 palikuwa kilima chenye kimo cha mita 35 hivi. Kilima hicho kilikatwa hadi mita 10. Zilikuwapo sababu za kihandisi: kuufikia mwamba imara kwa ajili ya matetemeko, na kurahisisha kushusha mitambo mizito kutoka melini. Gharama ya kusukuma maji nayo ilikuwamo. Pampu za maji ya bahari ziliwekwa mita 4 tu juu ya bahari, na jenereta nyingi zikawekwa katika vyumba vya chini ya majengo. Kimo cha tsunami kilichotumika katika usanifu wa kwanza kilikuwa mita 3.1, kwa kuangalia mawimbi yaliyotoka Chile mwaka 1960. Mwaka 2002 makadirio yakapandishwa hadi mita 5.7. Mwaka 2008 hesabu za ndani za kampuni ya TEPCO, mmiliki wa kituo, zilitoa wimbi la mita 15.7. Ukuta haukujengwa, jenereta hazikuhamishwa.

Machi 11, 2011, tetemeko la kipimo cha 9 liliangusha umeme wa gridi. Jenereta ziliwaka kama zilivyopangwa. Dakika 50 baadaye likaja wimbi la mita 14 hadi 15. Katika vinu sita, jenereta moja tu iliendelea kufanya kazi, nayo ni ile ya kinu namba 6 iliyokuwa mahali pa juu na iliyopozwa kwa hewa badala ya maji ya bahari. Iliokoa vinu namba 5 na 6. Vinu namba 1, 2 na 3 viliyeyuka ndani, na milipuko ikapasua majengo.

Kituo cha Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, na wimbi lake lilifika mita 13 hivi. Huko uwanja ulijengwa kwenye mita 14.8. Historia inampa sifa Yanosuke Hirai, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa kampuni ya umeme ya Tohoku, ambaye wakati wa kupanga alishikilia kimo hicho huku wengine wakiona kuwa ni kikubwa kupita kiasi. Tetemeko liliteremsha ardhi ya pale karibu mita moja, kwa hiyo nafasi iliyobaki kati ya maji na uwanja haikufika mita moja. Hata hapo maji kidogo yalipenya kwenye tundu la chombo cha kupimia na kuharibu baadhi ya pampu za kinu namba 2. Vinu vyote vitatu vilizimika salama, na wakazi zaidi ya 300 waliopoteza nyumba walikwenda kulala katika ukumbi wa michezo wa kituo hicho.

Kusini zaidi, kituo cha Tokai namba 2 kilikuwa kinamalizia kuinua ukuta wa chumba cha pampu kutoka mita 4.9 hadi 6.1. Wimbi lilikuja na mita 5.4 hivi. Sehemu moja ya ukuta, ambayo matundu yake yalikuwa bado hayajazibwa, iliingiza maji na kuzima jenereta moja kati ya tatu. Mbili zilitosha.

Hasara iliyoingia shambani

Serikali ya Japani mwaka 2023 ilikadiria gharama za ajali ya Fukushima, yaani fidia, usafishaji na kuvunja vinu, kuwa yeni trilioni 23.4. Watu zaidi ya 150,000 walihama. Lakini takwimu kama hizo haziwezi kumweleza mfanyabiashara wa nafaka kilichotokea sokoni.

Maji ya bahari yenyewe yalifunika zaidi ya hekta 20,000 za mashamba katika pwani ya kaskazini mashariki. Chumvi ni janga, lakini ni janga linalosafishika: wakulima walifungulia maji baridi, wakayatoa, wakarudia, na sehemu kubwa ya mashamba hayo ikarudi kulimwa ndani ya miaka michache. Mionzi ilikuwa jambo jingine. Sesiamu 137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30, na hunata kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi katika sentimita chache za juu. Kwa hiyo dawa ikawa kukwangua sentimita 5 za juu na kuzibeba. Mkulima anayejua udongo atafahamu kuwa hizo ndizo sentimita zilizobeba samadi ya babu na baba yake. Mahali pake palimwagwa mchanga wa milimani. Udongo uliokusanywa, takriban mita za ujazo milioni 14, uko katika hifadhi ya muda karibu na kituo, na sheria inataka uwe umeondolewa mkoani humo ifikapo mwaka 2045.

Wiki mbili za kwanza ziliwakumba wenye spinachi na maziwa mabichi, ambayo yalipigwa marufuku kuuzwa. Mwezi Julai ikawa zamu ya wafugaji. Ng'ombe waliokuwa mbali na kinu walikutwa na sesiamu kwenye nyama kwa sababu walilishwa majani makavu ya mpunga yaliyoachwa shambani tangu mavuno yaliyopita, mvua ikayanyeshea pamoja na mionzi. Majani hayo yalikuwa yameuzwa mikoa mingine, hivyo tatizo likasafiri kwa lori.

Kwa mpunga, mkoa uliamua jambo ambalo halijawahi kufanywa mahali pengine: kuanzia mavuno ya 2012, kila gunia la kilo 30 lilipitishwa kwenye mashine ya kupima, magunia milioni 10 hivi kwa mwaka. Kikomo kilikuwa bekereli 100 kwa kilo. Mwaka wa kwanza magunia 71 yalizidi. Kuanzia mavuno ya 2015 halikupatikana hata moja. Sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitokana na mbolea ya potasiamu, kwa kuwa mmea ukiipata ya kutosha hauchukui sesiamu nyingi. Upimaji wa kila gunia uliendelea hadi 2020, ndipo maeneo mengi yakahamia kwenye sampuli.

Mchele ulikuwa safi, lakini soko halikurudi pale lilipokuwa. Nchi na maeneo 55 yaliwahi kuweka masharti dhidi ya vyakula vya Japani; Umoja wa Ulaya ulimaliza ya kwake Agosti 2023, miaka 12 baada ya ajali. Ndani ya nchi, mchele mwingi wa Fukushima ulihamia mikahawani na kwenye maduka ya vyakula vilivyopikwa, ambako mlaji haoni jina la mkoa. Nyama ya ng'ombe na matunda ya pichi viliuzwa kwa bei ya chini kuliko wastani wa taifa kwa miaka mingi. Mkulima aliyekuwa kilomita 80 kutoka kwenye kinu, ambaye shamba lake halikuguswa, alipunguziwa bei kwa sababu ya neno lililochapwa kwenye gunia.

Wavuvi walisimamisha kazi, wakaanza uvuvi wa majaribio Juni 2012, na wakaumaliza Machi 2021. Miaka miwili baadaye, maji yaliyosafishwa ya kituo yalipoanza kutolewa baharini, China ikasimamisha ununuzi wa mazao yote ya bahari ya Japani.

Fidia ililipwa, na waliofaidika zaidi ni waliokuwa wamejipanga. Vyama vya ushirika vya wakulima viliunda mabaraza ya kudai kwa pamoja, vikakusanya stakabadhi za wanachama na kuziwasilisha kwa mkupuo. Asiyekuwa na kumbukumbu za mauzo ya miaka iliyotangulia alikuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha alichopoteza.

Vitu vya bei nafuu

Baada ya Blayais, Ufaransa ilibadilisha namna ya kukadiria mafuriko katika vituo vyake vyote. Kukokotoa kimo cha bahari kujaa peke yake hakukutosha tena. Upepo, mawimbi na maji ya mto sasa huhesabiwa pamoja, kwa kuwa usiku ule vilikuja pamoja. Matuta yaliinuliwa. Kazi nyingine ilikuwa ya mafundi wa kawaida: kuziba matundu ya nyaya, kuweka milango isiyopitisha maji, kufunga vipima maji kwenye vyumba vya chini ili zamu ijue mapema.

Kazi hizi ndizo zinazosahaulika, pengine kwa sababu hakuna kiongozi anayekata utepe mbele ya tundu lililozibwa. Katika kituo cha Fort Calhoun, Nebraska, kando ya mto Missouri, wakaguzi wa serikali ya Marekani walikuta mwaka 2010 kwamba mpango wa mafuriko makubwa ulitegemea kupanga mifuko ya mchanga juu ya milango ya kuzuia maji, mahali ambapo isingetulia. Kampuni ilibishana, kisha ikarekebisha. Mwaka uliofuata Missouri ukafurika kwa miezi, ukameza mashamba ya mahindi na soya pande zote, na kituo kikawa kisiwa. Juni 26, 2011, bwawa la mpira lililozungushwa kuzuia maji lilitobolewa na mashine na kupasuka. Milango iliyorekebishwa ilishika.

Bahari ya Hindi nayo ina mfano wake. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilifurika nyumba ya pampu ya kituo cha Kalpakkam, karibu na jiji la Chennai, India. Kinu kilichokuwa kinafanya kazi kilizimwa salama, kwa kuwa vinu vyenyewe vilikuwa juu zaidi. Wimbi lilelile lilivuka bahari na kuua watu Somalia, Kenya na Tanzania.

Jambo hilo lina uzito Afrika Mashariki kwa sababu mipango ipo. Kenya, kupitia wakala wake wa nyuklia NuPEA, ilipendekeza kituo cha megawati 1,000 huko Uyombo, Kilifi. Wavuvi, wakulima na wenye biashara za utalii waliandamana mwaka 2024, na baadaye macho ya serikali yakaelekezwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uganda imechagua Buyende, karibu na Ziwa Kyoga.

Ziwa halina tsunami ya bahari, lakini nalo lina kumbukumbu zake. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka rekodi ya mwaka 1964, likafukuza watu kwenye nyumba na mashamba ya ufukweni. Mwezi mmoja kabla, kisiwa cha magugu kinachoelea kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya umeme ya Jinja, kikaziba njia za maji, na Uganda nzima ikabaki gizani. Kinu kinachonyonya maji ya kupozea kutoka ziwani kitakutana na magugu hayohayo.

Kwa upande wa pwani, usemi kuwa vimbunga haviji karibu na ikweta hautoshi kuchorea ramani. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikachukua uongozi wa karafuu. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia. Wahandisi wa vinu hutakiwa kukadiria tukio linaloweza kutokea mara moja katika miaka 10,000, na vituo vya hali ya hewa vya ukanda huu vina rekodi za karne moja na kidogo. Japani ilikuwa na maandishi ya wimbi kubwa la mwaka 869, na mchanga wa wimbi hilo ulikwisha kuchimbuliwa mashambani kabla ya 2011.

Wananchi wanapoitwa kwenye mikutano ya maoni, kwa kawaida huelezwa ajira, barabara na bei ya umeme. Mwenye shamba au duka ana haki ya kuuliza mengine: uwanja wa kituo utakuwa mita ngapi juu ya maji ya juu kabisa yaliyowahi kuonekana, na ni nani aliyeyapima, jenereta na matangi ya mafuta vitakaa ghorofa ya ngapi, barabara gani itapitika mvua za masika, na mazao yakikataliwa sokoni bila kuguswa na mionzi, ni sheria gani itamlipa aliyeyalima.

Onagawa sasa ina ukuta wenye urefu wa mita 800, unaofika mita 29 juu ya bahari, na kinu chake namba 2 kiliwashwa tena Oktoba 29, 2024. Katika Fukushima, mabaki yaliyoyeyuka ndani ya vinu vitatu yanakadiriwa kuwa tani 880. Mwaka 2024 na 2025 roboti zilitoa vipande mara mbili. Jumla ya uzito wake haikufika gramu moja.